NVDA ikinyamaza katikati ya kazi: shika logi kwanza

Unaandika barua kwa msaada wa NVDA, programu inayowasomea wasioona skrini kwa sauti, umefika aya ya tatu, mara kimya. Mshale juu, kimya. Mshale chini, kimya. Feni tu ndiyo inavuma. Mimi nilikaa na hali hiyo wiki nzima. Nikaiondoa NVDA na kuisakinisha upya mara tatu, kazi bure: mipangilio na programu-jalizi (vijiprogramu vya ziada unavyoiongezea NVDA) hukaa kwenye folda ya mtumiaji, kwa hiyo ukirudi unaukuta ugonjwa palepale.

1. Washa msomaji wa pili. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza Windows+Control+Enter, Narrator, msomaji wa skrini wa Windows yenyewe, itaongea.

2. Kabla ya kuiwasha upya NVDA, nakili logi, yaani faili ambamo NVDA huandika yanayotokea ikiwa kazini. Windows+R, andika %temp%, Enter, tafuta nvda.log, uihifadhi kwingine. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ukiwasha upya mara moja, logi hiyo inageuka nvda-old.log, ukiwasha mara ya pili, ushahidi umekwenda. Na kidole kilivyozoea, kinakimbilia Control+Alt+N, vitufe vya kuiwasha NVDA, chenyewe!

3. Sasa iwashe. Bonyeza Insert+Q, shuka kwa mshale hadi chaguo la kuanza upya bila programu-jalizi. Ikitulia siku nzima, mwizi yumo humo. Zirudishe moja moja.

4. Bado inakata? Badilisha sauti: Insert+Control+S, chagua eSpeak NG. Inasema kama bati, lakini ni nyepesi, na Kiswahili inacho.

5. Fungua logi kwa Notepad, tafuta neno ERROR. Mistari inayofuata mara nyingi hutaja folda ya addons na jina la mhusika. Angalizo: saa za logi ni za kizungu. Ilipokata saa nne na dakika kumi asubuhi, nilitafuta 10:10, nikakuta programu-jalizi moja imejaza mistari kumi na kitu. Nikaizima, kimya kikaisha.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kibodi yangu haina Insert.

Marahaba. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi ndani ya NVDA, weka tiki kwenye Caps Lock. Itafanya kazi ileile.

Kaka, mbona nikisasisha NVDA mwanzo wa mwaka programu-jalizi zangu zinazimwa?

Toleo la kwanza la mwaka, mfano 2024.1, ndilo hubadilisha misingi, na watengenezaji lazima wazirekebishe kazi zao. Mimi husubiri toleo jipya la programu-jalizi ninayoitegemea litoke kwanza, ndipo nasasisha.

Naweza kumtumia mtu yeyote logi yangu?

Hapana, dada. Ukiiweka kwenye kiwango cha kina, inaandika vitufe unavyobonyeza, nywila ikiwemo. Isome kwanza, na ukimaliza uchunguzi irudishe kwenye kiwango cha kawaida.