Kumtafuta Mungu, si Ishara: Pa Kuanzia

Kabla ya kuongeza mfungo au kwenda mkesha mwingine, chukua daftari uandike maombi yako ya juzi na jana kama ulivyoyaomba, bila kuyapamba. Pigia mstari kila ulipomwambia Mungu akupe, akuonyeshe au akuthibitishie. Kisha tazama kilichobaki bila mstari. Mara nyingi ni "Asante Baba" ya mwanzo na "Amina" ya mwisho. Kuomba mahitaji si kosa, riziki imo katika Sala ya Bwana, lakini imekuja ya nne, baada ya jina, ufalme na mapenzi ya Baba. Anza kuomba kwa mpangilio huo.

Kwa siku saba, kila siku saa ile ile, soma Yohana 6 yote, aya 71, kwa sauti. Ni kama dakika kumi. Simu iache chumba kingine. Utaona watu waliolishwa mikate na Yesu wakipanda mashua kesho yake kumfuata Kapernaumu. Anawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Na watu hao hao, katika aya ya 30, wanamdai ishara ili wamwamini! Vikapu kumi na viwili vya mabaki havijasahaulika bado. Mwishoni wengi wanarudi nyuma, na Petro anabaki: hakuna mwingine wa kumwendea, kwa kuwa Yesu ndiye mwenye maneno ya uzima wa milele.

Ukimaliza kusoma, kaa kimya dakika tano, halafu mwambie Mungu jambo moja ambalo sura hiyo imesema juu yake. Usiombe kitu hapo, mahitaji yatafuata.

Siku ya tatu au ya nne wengi hukwama. Hawasikii kitu, wanaanza kusubiri machozi au mwili kusisimka, na visipokuja wanadhani Mungu yuko mbali. Hiyo nayo ni ishara, imebadilisha nguo tu. Endelea kusoma hata ukiwa mkavu.

Penye uamuzi ndipo watu huteleza zaidi. "Bwana, kama kazi hii ni yako, wanipigie kabla ya saa kumi." Simu ikilia, huenda ofisi imewapigia watu ishirini, isipolia, huenda aliyepangiwa kupiga anaumwa. Umeacha jibu mikononi mwa ratiba ya mtu. Watu hujitetea kwa Gideoni, aliyeweka ngozi ya kondoo nje usiku na kumwomba Mungu umande uwe ishara. Basi isome vizuri habari hiyo: katika Waamuzi 6:36 yeye mwenyewe anakiri kwamba Mungu alikwisha kusema, na katika aya ya 39 anaomba asikasirikiwe. Alipata ishara mbili, ngozi yenye umande kisha ngozi kavu, na bado katika sura ya 7 anaambiwa kama anaogopa ashuke kwenye kambi ya adui na mtumishi wake Pura. Hofu haikuondoka.

Badala yake andika: je, Maandiko yanakataza jambo hili? Nitaweza kulifanya bila kusema uongo? Wawili wanaonifahamu, wasiofaidika nalo, wanasemaje? Ukishajibu, mwombe Mungu hekima (Yakobo 1:5) na uamue. Kufumba macho na kuweka kidole kwenye ukurasa wowote wa Biblia hakumo katika hatua hizi.

Ukiletewa unabii, au mafuta ya upako yanayouzwa kwa chupa, fungua Kumbukumbu la Torati 13:1-3. Ishara inaweza kutimia kabisa na nabii akawa wa uongo. Kipimo ni anakupeleka kwa nani. Anayesema usipokuja kwake baraka itapotea anakufunga kwake.

Je, ishara ikija bila kuombwa, mgonjwa akapona ghafla? Shukuru, iandike na tarehe yake, wala usimkataze mgonjwa kurudi hospitali kupimwa. Kesho, saa ile ile, rudi kwenye Yohana 6, na siku saba zikiisha, soma sura inayofuata.