Kuongeza Ukubwa wa Diski ya Mashine Pepe na Patisheni Zake

Mtu ambaye mashine pepe yake (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) imejaa huenda kwenye VirtualBox, programu ya kuendesha mashine hizo, huongeza ukubwa wa diski, huiwasha mashine tena, kisha hushangaa kuona nafasi iliyobaki ni ile ile. Hakuna kilichoharibika. Amepanua tabaka moja kati ya matatu: la nje ni faili ya diski iliyoko kwenye kompyuta mwenyeji, la kati ni patisheni, yaani sehemu ambazo diski hiyo imegawanywa, na la ndani ni mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili, unaokaa ndani ya patisheni. Anayepanua huanza nje akaingia ndani. Anayepunguza huanza ndani akatoka nje, na akikosea mpangilio huo hukata data iliyo mwishoni.

Mfano wetu ni mashine ya Debian (aina ya Linux) yenye diski ya GB 20 tunayotaka ifike GB 60.

Hatua ya 1: Maandalizi

Zima mashine pepe kabisa, usiiache katika hali ya kusimamishwa kwa muda, kisha nakili faili yake ya diski mahali pengine. Angalia pia kama mashine ina snapshoti, yaani hali yake ya awali iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia. Katika VirtualBox, snapshoti huhifadhi mabadiliko katika faili tofauti, kwa hiyo ukipanua faili ya awali peke yake mashine itaendelea kuona ukubwa wa zamani. Ni rahisi zaidi kuzifuta kwanza ili mabadiliko yaunganishwe na diski.

Hatua ya 2: Kupanua faili ya diski

Kwa VirtualBox, ukubwa huandikwa kwa megabaiti, na kinachoandikwa ni ukubwa wa mwisho, si nyongeza:

VBoxManage modifymedium disk seva.vdi --resize 61440

Kwa QEMU na KVM, zana nyingine za kuendesha mashine pepe, unaweza kuandika nyongeza yenyewe:

qemu-img resize seva.qcow2 +40G

Amri hizi humalizika mara moja, na kama diski ni ya aina inayokua kadiri inavyotumika, faili kwenye kompyuta mwenyeji haitaongezeka sana kwa sasa. Hakikisha tu kwamba mwenyeji ana nafasi ya kutosha kwa siku ambayo GB hizo 60 zitajaa kweli.

Hatua ya 3: Kusoma jedwali la patisheni

Washa mashine, kisha uandike amri ya lsblk, inayoorodhesha diski na patisheni zake. Debian iliyosakinishwa kwa mpangilio wa kawaida wa BIOS huonyesha kitu kama hiki:

sda      60G disk
├─sda1   19G part /
├─sda2    1K part
└─sda5  975M part [SWAP]

Hapa ndipo wengi hukwama. Diski imekuwa GB 60, lakini nafasi mpya iko mwisho kabisa, baada ya sda5 (patisheni ya swapu, nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu, iliyobebwa ndani ya sda2), na patisheni haiwezi kuruka jirani yake ili kufikia nafasi iliyo mbele. Ukijaribu kuipanua sda1 sasa, growpart, zana ya kupanua patisheni tutakayoisakinisha katika Hatua ya 4, itajibu NOCHANGE na kuishia hapo.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi jedwali kama lilivyo, na faili utakayoipata uiweke nje ya mashine hii:

sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt

Nasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kulipuuza. Nilifuta patisheni ya diski ya zamani kwa fdisk (zana ya kuhariri patisheni) ili niiunde upya ikiwa kubwa zaidi, nikakubali sekta ya mwanzo ya 2048 niliyopendekezewa, na mfumo wa faili ukatoweka. Diski za enzi hiyo zilianzia sekta ya 63. Nilipoiunda tena kuanzia 63 data yote ilirudi, kwa kuwa kufuta patisheni hufuta maelezo ya mahali ilipo tu, si yaliyomo. Lakini saa mbili za kukisia zingeokolewa na faili moja ya mistari michache.

Hatua ya 4: Kuondoa kizuizi na kupanua patisheni

Swapu haina data ya kudumu, hivyo inaweza kuondolewa bila hasara. Izime kwa sudo swapoff /dev/sda5, weka alama ya # mwanzoni mwa mstari wake ndani ya /etc/fstab (faili inayoorodhesha patisheni na swapu za kutumika mashine inapowaka), kisha ufungue sudo fdisk /dev/sda, ufute patisheni ya 5, halafu ya 2 iliyokuwa ikiibeba, na uandike w ili kuhifadhi. Baada ya hapo:

sudo apt install cloud-guest-utils
sudo growpart /dev/sda 1

Kuna nafasi kati ya sda na 1, na si kosa la uchapaji. Ikiwa diski imejaa kiasi kwamba apt haifanyi kazi, anza kwa apt clean. Ikiwa growpart yenyewe inalalamika kwamba imeshindwa kuunda saraka ndani ya /tmp, ipatie /tmp ya kumbukumbu kwa muda:

sudo mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp

Hatua ya 5: Kupanua mfumo wa faili

Kwa ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Debian, kazi hii hufanyika mashine ikiwa inaendelea kutumika:

sudo resize2fs /dev/sda1

Kwa XFS, mfumo mwingine wa faili, hutajwa mahali ulipopachikwa (saraka unakofikika), si jina la patisheni: sudo xfs_growfs /. Kwa mashine zenye LVM (tabaka la ziada la kugawa nafasi ya diski juu ya patisheni), patisheni ikishapanuliwa hufuata pvresize, kisha lvextend ikiwa na -r ili mfumo wa faili upanuliwe papo hapo. Thibitisha kwa df -h /.

Hatua ya 6: Kurudisha swapu

Mimi hupendelea faili ya swapu kuliko patisheni, maana siku nyingine ya kupanua haitaziba njia.

sudo fallocate -l 1G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Ongeza mstari wake ndani ya /etc/fstab:

/swapfile none swap sw 0 0

Mashine ikichelewa kuwaka kuanzia sasa, inaitafuta swapu ya zamani. Fungua /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, andika RESUME=none, kisha utekeleze sudo update-initramfs -u.

Kuhusu kupunguza

Amri ya --resize ya VirtualBox haipunguzi diski, na mfumo wa XFS haukuundwa kupunguzwa. Ext4 hupungua ikiwa haijapachikwa tu, kwa hiyo itakubidi uwashe mashine kwa ISO (faili ya kuwashia) ya GParted, programu ya kuhariri patisheni. Kwa kawaida ni salama zaidi kuunda diski mpya ndogo na kuhamishia faili humo.