Kujenga stroka ya L28 kwenye Datsun Z: kamata venia kabla ya pochi

Kuna namba moja nataka uiandike kwa chaki ukutani mwa gereji kabla hujatoa hata shilingi: 207.85. Hizo ni milimita kutoka katikati ya krenki mpaka uso wa juu wa bloki, na ni ile ile kwa L24, L26 na L28 zote, zile injini za silinda sita za Datsun Z. Kila kitu unachonunua kwenye stroka, yaani injini inayokuzwa kwa krenki yenye stroku ndefu zaidi, lazima kiingie ndani ya hiyo namba: nusu ya stroku (mwendo wa pistoni kutoka chini mpaka juu), jumlisha urefu wa konrodi, jumlisha urefu wa pistoni kuanzia katikati ya pini mpaka juu. Ukizidisha, pistoni inatokeza nje ya bloki na kwenda kusalimiana na hedi. Ukipunguza sana, unabaki na injini kubwa yenye kompresheni ya jenereta ya kanisa.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakisikia stroka wanaanza na kabureta, wanauliza Weber ngapi, egzosi gani, farasi wangapi. Hayo yote ni ya mwisho. Stroka ni hesabu ya vitu vitatu, krenki, konrodi na pistoni, na hivyo vitatu vinachaguliwa siku moja mezani, sio kimoja leo kimoja mwezi ujao kwa vile umekikuta kwa bei nzuri kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Grogan.

Hii gari huku kwetu ina heshima yake. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, na wazee wetu walisimama barabarani kwenye vumbi kuziangalia zikipita. Kwa hiyo ukiwa nayo leo usiifungie injini ya gari lingine kwa haraka, hii familia ya L ina nafasi ya kutosha ndani yake, ukiijua.

Sasa tuingie. L28 ya kawaida ina silinda za 86 mm na stroku ya 79, inakupa cc 2753. Ukichukua krenki ya LD28, ile injini ya dizeli ya silinda sita waliyofunga kwenye Laurel na Cedric, stroku yake ni 83. Shingo zake kubwa, zile zinazolala kwenye bloki, ni za 55 mm na za konrodi ni 50, sawa kabisa na za L28 ya petroli, ndo maana inakaa kwenye bloki bila kulazimishwa. Ukitanua silinda mpaka 89, unapata cc 3098, yaani ile lita 3.1 watu wanayoisema kila siku. Krenki hii ni ya kufuliwa, sio ya kumimina, na ukiitafuta angalia alama V07 iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Usikubali maneno ya "hii ya dizeli hii" bila kuona alama na bila kupima stroku mwenyewe. Ila jua mapema kwamba pua yake ya mbele haifanani urefu na ya petroli, kwa hiyo kuna kazi ya leithi hapo ili gia ya cheni na puli vikae kwenye mstari, weka hiyo gharama kwenye bajeti toka mwanzo.

Kabla ya kuilipia, ipelekwe ikapimwe nyufa kwa sumaku na ikapimwe kama imepinda. Krenki za dizeli nyingi zimeshafanya kazi ngumu miaka arobaini, zingine zimechongwa mara mbili tatu mpaka beringi za saizi yake hazipatikani. Beba maikromita, pima shingo zote sita za konrodi, usipime moja ukaridhika. Mimi nimewahi kukuta tano nzuri na ya sita imekaa kama yai.

Konrodi. Hapa ndipo hesabu inapoanza kuuma. Za L28 zina urefu wa 130.2, za L24 zina 133. Chukua krenki ya LD28, nusu ya stroku ni 41.5. Ukiweka konrodi za L28 na pistoni za L28, ambazo juu ya pini zina 38.1, jumla ni 209.8. Toa 207.85, umetokeza karibu milimita mbili. Haiwezekani. Kwa hiyo pistoni lazima iwe fupi, na hapo ndo watu waligundua pistoni za KA24E, ile injini ya Nissan ya silinda nne yenye kemu moja iliyokuwa kwenye 240SX za Marekani za 1989 na 1990 na kwenye baadhi ya Hardbody za petroli. Zina kipenyo cha 89 tayari, pini ya 21 mm sawa na ya L, na juu ya pini zina kama 34. Ukizifunga na konrodi za L24 hesabu inakuwa 41.5 na 133 na 34, jumla 208.5. Inatokeza 0.65 hivi. Hiyo inabebeka, ila kwa masharti.

Masharti nayajua kwa kuumia. Injini yangu ya kwanza niliuziwa vitu vyote pamoja, muuzaji akasema hiyo kombinesheni inaingia tu, funga na gasketi ya kawaida uende zako. Gasketi ile ikikazwa inabaki kama 1.2. Toa 0.65, inabaki nafasi ya 0.55 kati ya pistoni na hedi, na chuma kikipata moto kinatanuka, konrodi kwenye spidi inavutika kidogo, beringi nazo zina uhuru wake. Siku ya tatu ikaanza kugonga tik tik tik ikiwa ya moto, nikadhani ni valvu, nikarekebisha valvu siku nzima. Nilipofungua hedi, kwenye silinda ya tatu kulikuwa na alama inang'aa, nyembamba, imejipinda kama mwezi wa siku mbili, na pistoni ina alama hiyo hiyo pembezoni upande wake wa juu. Mzee wa leithi aliishika hedi, akaipitisha kidole pale, akasema, "Dogo, hii haijapigwa na jiwe. Imepigwa na pistoni." Nilikuwa na bahati haikuvunja kitu.

Kwa hiyo kama unatumia hizo pistoni, una njia mbili. Ya kwanza ni gasketi ya 2 mm, unabaki na nafasi ya 1.35 ambayo ni salama. Ya pili ni kuchonga juu ya pistoni kwenye leithi mpaka zilingane na bloki, lakini hapo lazima ujue unene wa pistoni pale juu kwanza, na zote sita zitoke na uzito sawa. Mimi chini ya 1 mm siendi tena, hata aniambie nani.

Kama mfuko unaruhusu, njia safi kuliko zote ni kuagiza pistoni za kufuliwa kwa kipimo chako. Ukitumia konrodi za 133 unaomba juu ya pini iwe 33.35, ukitumia za 130.2 unaomba 36.15. Lakini usitume hizo namba zangu kama zilivyo, bloki yako inaweza ikawa imeshasagwa juu huko nyuma, pima yako. Na pistoni za kumimina kama hizo za KA24E zinatosha kabisa kwa gari la barabarani, ila mimi sipendi kuzipeleka zaidi ya mizunguko 6500 kwa dakika. Stroku ndefu maana yake pistoni inakimbia mbali zaidi kwa muda ule ule.

Konrodi za zamani, angalia bolti. Kuna za 8 mm na za 9 mm, tafuta za 9, na hata hizo badilisha bolti mpya, ukishabadilisha bolti tundu kubwa la konrodi lipimwe upya kwa sababu linahama kidogo. Hiki kitu mafundi wengi wanakiruka.

Bloki sasa. Ikiwezekana tafuta yenye maandishi F54 ubavuni, hizo za 280ZX za mwisho kuanzia 1981, kuta za silinda zimeunganishwa katikati kwa hiyo zinavumilia kutanuliwa. N42 ni bloki nzuri ila maji yanapita katikati ya silinda, na ukitoka 86 kwenda 89 ni milimita moja na nusu inatoka kila upande, kuta zingine hazina hiyo akiba. Kutu ya ndani imekula kwa miaka kwa vile watu walikuwa wanaweka maji ya bomba. Peleka bloki ikapimwe unene kwa mashine ya sauti kabla ya kutanua na kabla ya kununua pistoni, kila silinda pande nne. Mimi upande unaobeba mzigo wa pistoni sikubali ukuta ubaki chini ya 3 mm. Ikishindikana, baki 87 na uagize pistoni za hapo, bado una karibu lita tatu na injini itaishi muda mrefu. Na fundi anayetanua awe na bati nene la chuma la kufunga juu ya bloki kwa bolti kama vile hedi ipo, bila hilo silinda inakuwa duara mezani halafu ukikaza hedi inapinda.

Bloki ikiwa bado tupu, lalisha krenki na beringi, funga konrodi moja na pistoni moja, zungusha kwa mkono taratibu silinda zote kwa zamu. Angalia chini, pale konrodi inapopita karibu na ukingo wa bloki, na ujaribu oilpan mahali pake. Kisha ule ujanja ninaoupenda: chukua udongo wa kuchezea watoto, bandika juu ya pistoni kipande bapa, paka mafuta kidogo, funga hedi na gasketi iliyotumika, na kemu na cheni zikiwa kwenye taimingi yake, zungusha mizunguko miwili, fungua, kata udongo kwa wembe na upime unene kwa venia. Utaona ramani yote, pale hedi ilipo karibu, pale valvu zilipobonyeza. Saa moja ya kazi. Gasketi iliyotumika ina unene wa kweli, mpya bado haijabanwa.

Hedi inachaguliwa kwa kompresheni, sio kwa sifa za mtaani. E31 ya 240Z za mwanzo ina chumba cha 42.4 cc, watu wanaitukuza, kwa lita 3.1 na petroli yetu mimi naiona inabana mno, na valvu zake ni ndogo, 42 na 33, wakati hedi za N42 (namba hii ipo kwenye bloki na kwenye hedi pia) na P90 zina 44 na 35. Fanya hesabu: silinda moja ya 89 kwa 83 ni cc 516. Hedi ya N42 ina chumba cha 44.6, gasketi ya 2 mm inaongeza kama 12.7, pistoni iliyotokeza 0.65 inapunguza kama 4, na shimo la juu ya pistoni tuseme ni 10, lako lipime kwa bomba la sindano na spiriti. Jumla 63.3. Jumlisha 516 na 63.3, gawa kwa 63.3, unapata kompresheni ya 9.2 kwa 1 hivi. Hapo ndo pazuri kwa gari la kutembelea. Ukiweka P90 yenye chumba cha 53.6 unashuka mpaka 8.1, hiyo muachie mwenye mpango wa tabo.

Kemu usinunue kubwa sana. Raha ya stroka ni kuvuta kutoka chini, mlima unapanda na gia ya nne bila kelele, ukiweka kemu ya mashindano unaua hicho ulicholipia. Nyuzi 270 mpaka 280 za muda valvu inapokaa wazi zinatosha. Lakini ukibadilisha kemu badilisha na vile vikofia vya kurekebisha urefu juu ya valvu, kisha paka kalamu ya maka kwenye roka na uzungushe uone kemu inafutia wapi, ifutie katikati, isitoke pembeni. Kabureta hata zile mbili za mwanzo zinaweza kuiendesha ukibadilisha sindano, zitakosa pumzi juu tu. Ukitaka kuifungua kweli, Weber tatu za 45.

Puli ya mbele ya krenki, ile yenye mpira katikati, nunua mpya. Krenki ya silinda sita ni ndefu, inajinyonga kama kamba, na mpira uliokauka hauzuii kitu. Pampu ya oili ichukue ya tabo, inasukuma zaidi. Klachi ya kipenyo cha 225 mm itateleza, tafuta ya 240, na kama gari bado lina difu ya R180 anza kuulizia R200, iliyo imara zaidi, mapema.

Siku ya kuwasha, oili ipande kwanza. Toa plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya presha inyanyuke, ndo urudishe plagi. Ikiwaka usiiache ikae sailensa bila kukanyaga mafuta kwa sababu ya kemu mpya, shikilia mizunguko 2000 mpaka 2500 kwa dakika ishirini, mwenzako awe pembeni anaangalia maji na uvujaji, halafu zima, mwaga oili ikiwa bado ya moto, pasua filta kwa msumeno na ufungue karatasi yake juani. Vumbi la kijivu laini ni la kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa ambavyo ukucha unavihisi, gari lisitoke gereji, anza kwa kufungua kapu za konrodi, vile vifuniko vya beringi za chini.