Kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi: soma hadi mwisho kabla ya kuuliza

Kolonoskopi ni kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera. Kila wiki mtu anauliza hapa kama anaweza kunywa dawa yote ya kusafisha utumbo usiku mmoja alale. Nimeandika jibu mara nyingi mno, kwa hiyo hili ndilo somo lenyewe. Kama karatasi ya kliniki yako inatofautiana na haya, fuata karatasi ya kliniki.

1. Siku 7 kabla. Acha vidonge vya madini ya chuma; huacha uchafu mweusi unaonata. Ukitumia warfarini, klopidogreli au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari sasa. Usiiache kwa uamuzi wako.

2. Siku 3 kabla. Hakuna githeri, ndengu, maharagwe, sukuma wiki, managu, njugu wala mahindi. Matunda yenye mbegu pia hapana: pasheni, mapera, nyanya. Mfereji wa kufyonzea ndani ya kamera una upana wa takriban milimita 4, na mbegu chache za pasheni zinatosha kuuziba. Kula wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku bila ngozi, viazi vilivyomenywa.

3. Siku moja kabla. Vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: strungi, supu iliyochujwa, maji ya tofaa, soda isiyo na rangi. Maziwa hapana. Rangi nyekundu na zambarau hapana, maana ndani huonekana kama damu.

4. Kuchanganya. Dawa ya PEG (unga wa kuharisha unaochanganywa na maji) ya lita 4, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Soma pakiti, kwani nyingine ni ya lita 1 na nyingine ya lita 2. Usitie sukari ndani ya dawa. Sukari na chumvi zikikutana, utumbo mwembamba huzifyonza pamoja na maji, na maji hayo ndiyo tunayotaka yabaki ndani yasafishe.

5. Kunywa kwa awamu mbili. Hapa ndipo watu huharibu kila kitu. Tuseme kipimo ni saa nne asubuhi. Lita 2 za kwanza anza saa kumi na mbili jioni: glasi ya mililita 250 kila dakika 15, glasi 8, masaa mawili. Lita 2 za pili anza saa kumi na moja alfajiri, umalize saa moja. Masaa mawili ya mwisho kabla ya kipimo usinywe chochote, hata maji, kwa sababu ya dawa ya usingizi.

Kosa ni hili: mtu anaona choo kimekuwa maji saa tatu usiku, anasema nimesafika, analala, lita 2 zinabaki kwenye friji. Usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kumwaga nyongo na ute, na vyote vinatua mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia. Huko ndiko hupatikana zaidi polipu bapa (polipu ni vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo), zile zinazolala kama ngozi juu ya ngozi, na utando mwembamba tu wa nyongo unatosha kuzificha. Daktari akifika hapo akaona matope, ama anakurudisha nyumbani uanze upya na ulipe tena, ama, vibaya zaidi, unaambiwa uko sawa na polipu imebaki. Tunapima usafi kwa alama 0 hadi 3 kwenye kila moja ya sehemu tatu za utumbo mpana. Kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Anayeruka awamu ya pili mara nyingi hufeli upande wa kulia.

Choo cha mwisho kiwe cha manjano na angavu kama mkojo. Kikiwa cha kahawia au kimevurugika, pigia kliniki simu kabla hujatoka.

Kwa wanaotoka Rongai au Githurai, viungani mwa Nairobi, jam ya asubuhi ni sehemu ya hesabu. Omba nafasi ya kuanzia saa nne, na vaa nepi ya watu wazima. Hakuna aibu.

6. Msindikizaji. Lazima awepo. Usiendeshe gari wala kupanda bodaboda peke yako kwa masaa 24.

7. Baadaye. Gesi ni kawaida. Maumivu makali, tumbo kuwa gumu, homa au damu nyingi: hospitali mara moja. Kama polipu imetolewa, damu inaweza kutokea hata wiki mbili baadaye.

MASWALI

Kevo_Umoja: Nimekula ndengu jana jioni na kipimo ni kesho. Iko shida?

Jibu: Hatua ya 2. Pigia kliniki sasa hivi.

Njeri_K: Sijasoma yote, lakini mafuta ya nyonyo si yanatosha?

Jibu: Hapana. Soma yote.

MwanaWaMama: Sista, mama ana kisukari, anatumia insulini. Naogopa hizo siku za kutokula.

Jibu: Una haki ya kuogopa, na umeuliza mapema. Daktari wake ndiye atakayepunguza insulini, usikisie. Apewe nafasi ya kwanza asubuhi. Siku ya vinywaji anywe vyenye sukari pia, umpime kila masaa 4. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L mpe glukosi mara moja. Angalia pia majina ya dawa zake: zinazoishia na "flozin" kwa kawaida husimamishwa siku 3 hivi kabla, kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu mwili usiopata chakula unaweza kujaa asidi hata kipimo cha sukari kikisoma vizuri.

Otis: Nilisoma kuna dawa ya zamani, manitoli. Kwa nini haitumiki sana?

Jibu: Swali zuri sana. Bakteria wa utumbo huichachua manitoli wakatoa haidrojeni na methani. Polipu hukatwa kwa waya wenye umeme. Cheche ikikutana na gesi hizo, zinaweza kulipuka ndani ya mtu. PEG haichachuki.

Achieng_D: Nikitapika?

Jibu: Pumzika dakika 30, endelea polepole, dawa iwe baridi sana, tumia mrija. Lakini ukiendelea kutapika na tumbo linavimba bila choo kutoka, acha dawa kabisa uende hospitali. Huenda utumbo umeziba.

Baba_Zawadi: Sisi tunaoishi ploti, choo kimoja watu sita, na maji ni ya mgao?

Jibu: Ongea na majirani mapema, au lala kwa ndugu mwenye choo ndani. Jaza mitungi miwili ya lita 20 siku moja kabla.

Mwende: Niongezee: jeli ya mafuta ipakwe kwenye njia ya haja kubwa kabla ya glasi ya kwanza, na utumie maji badala ya tishu.

Jibu: Asante, hiyo ni kweli kabisa.

Shiro_88: Na vidonge vya kupanga uzazi?

Jibu: Kidonge chochote kinachomezwa saa moja kabla ya dawa au wakati unainywa kinaweza kutoka nacho. Cha uzazi kihesabu kama umekikosa: endelea na pakiti, tumia kondomu siku 7.