Kope ya Juu Ikilegea: Kuchagua Upasuaji na Kulilinda Jicho Baada Yake

Simama mbele ya kioo mchana, uso ukiwa umeelekea dirishani, tazama mbele bila kupandisha nyusi. Kope ya juu iliyo sawa hufunika milimita 1 au 2 tu za juu ya duara jeusi la jicho. Ukimulikwa na tochi ndogo, kinukta cheupe hung'aa katikati ya mboni, na kutoka hapo hadi ukingo wa kope huwa ni milimita 4 au 5. Zikibaki 2 au pungufu, kope imeanza kuziba uoni wa juu: korosho iliyo kwenye tawi juu ya kichwa huioni mpaka uinue kidevu, na ukisoma jioni unajikuta unashikilia kope kwa kidole.

Wengi hawajui kuwa kope zao zimelegea, kwa sababu nyusi hufanya kazi ya kuzibeba kutwa nzima. Dalili ni mikunjo ya paji isiyoisha na kichwa kuuma kuelekea magharibi. Ndiyo maana kabla ya kupima lazima mtu mwingine aibane nyusi kwa kidole gumba, isisogee. Tafuta pia picha za zamani, ya harusi au ya kitambulisho, uone ulegevu ulianza lini. Daktari wa macho atakuuliza hilo kabla ya jingine lolote, kwa kuwa kope iliyolegea kwa miaka kumi na kope iliyolegea tangu juzi ni magonjwa mawili tofauti.

Kipimo cha pili ndicho kinachoamua upasuaji. Nyusi ikiwa imebanwa vilevile, tazama chini kabisa. Msaidizi aweke sifuri ya rula kwenye ukingo wa kope. Kisha tazama juu kabisa. Umbali ambao kope imesafiri ndio nguvu ya msuli unaoiinua. Msuli mzima huivuta milimita 12 au zaidi. Ukifika 8 na kuendelea, msuli bado ni mzuri, na kwa kawaida kilichoharibika ni kano yake, iliyovutika au kuachia kwa umri, kwa kusugua macho miaka mingi, au baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Ukiwa 4 au chini, msuli wenyewe ni dhaifu, na kuukaza hakutasaidia kitu. Kati ya hapo daktari hupima na kuamua.

Tenganisha pia kope na ngozi. Inua taratibu ngozi iliyoning'inia kwa vidole viwili. Kama ukingo wenye nywele uko mahali pake, kilichozidi ni ngozi tu, na dawa yake ni kupunguza ngozi, bila kugusa msuli. Wenye umri mkubwa mara nyingi wana vyote viwili.

Kope ambazo hazistahili kisu, au hazistahili bado

Kope iliyoanguka ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Ikiambatana na kichwa kuuma vikali, kuona vitu viwiliviwili, au mboni ya jicho hilo kuwa pana kuliko ya pili, mshipa wa damu kichwani unaweza kuwa umevimba na kukandamiza neva. Mboni ikiwa ndogo kuliko ya pili na shingo inauma, nako kuna hatari yake. Sukari nayo huweza kuangusha kope kwa kuathiri neva. Hiyo mara nyingi hurudi yenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo aliyekimbilia kupasuliwa atajikuta na kope iliyo juu kupita kiasi.

Kope iliyo nzima asubuhi na kuanguka jioni humfanya daktari ashuku ugonjwa wa misuli kuchoka, mayasthenia. Kuna kipimo rahisi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa juu ya kope iliyofungwa kwa dakika 2. Ikipanda milimita 2 au zaidi, ugonjwa huo unashukiwa sana, na tiba yake huanza kwa vidonge. Mgonjwa huyu akianza kushindwa kumeza au kupumua, asisubiri kliniki.

Huku Kusini kuna jambo moja zaidi. Vijiji vingi vya Mtwara na Lindi vimeishi na vikope, yaani trakoma, kwa miaka mingi. Kovu lake hupindisha ukingo wa kope kuelekea ndani, nywele zikakwaruza kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, na jicho likawa kavu. Hilo litengenezwe kwanza. Ukiinua kope juu ya jicho kavu lenye makovu, unalifungulia vumbi jicho lisiloweza kujiosha.

Mtoto aliyezaliwa na kope iliyolegea apelekwe mapema, hata kama upasuaji utasubiri. Kope ikifunika mboni, ubongo huzoea kutolitumia jicho hilo, na miaka ya kulirekebisha ni ile ya utotoni tu. Huyo hapaswi kusubiri. Ikiwa mboni iko wazi, wengi hufanyiwa kati ya miaka 3 na 5, huku akipimwa uoni na miwani mara kwa mara. Mtoto anayeinua kidevu ili aone anajitahidi kutumia jicho lake. Aliyeacha kuinua ndiye wa kuogopewa zaidi.

Maandalizi

Anzia kliniki ya macho iliyo karibu: Ligula, Sokoine Lindi, Ndanda, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Uliza waziwazi kama yupo bingwa anayefanya kope au utapewa rufaa ya Dar es Salaam. Upasuaji huu ni wa milimita, na daktari wa macho kwa jumla hafanani na aliyezifanya kope nyingi.

Taja dawa zote unazotumia. Zinazozuia damu kuganda huongeza kuvuja: aspirini kwa kawaida huachwa siku 7 kabla, na klopidogreli siku 5 hadi 7, lakini aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi asiache bila ruhusa ya daktari aliyemwandikia. Dawa za maumivu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, ziache pia. Presha iliyo juu mezani ndiyo inayovujisha damu kuliko kingine, kwa hiyo dawa ya presha inywe asubuhi ya siku hiyo kama kawaida, isipokuwa umeambiwa vingine.

Panga tarehe kwa kalenda ya shamba. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho haufai hata kidogo: unga ule huchoma jicho zima, sembuse jicho lisilofunga vizuri. Msimu wa kuokota na kubangua nao una kazi ya kuinama. Utahitaji wiki mbili zisizo na kazi hizo, na mwezi mzima mbali na salfa.

Kinachofanyika mezani

Mtu mzima hupigwa ganzi ya sehemu tu, na hilo ni kwa faida yake: daktari anahitaji ufungue na ufunge macho ukiambiwa. Kwanza huchora mstari kwenye mkunjo wa kope, milimita 7 hadi 10 juu ya nywele, ukiwa umekaa na kabla ganzi haijavimbisha ngozi. Kisha mililita 1 hadi 2 za lignokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini huingizwa chini ya ngozi. Inauma kwa sekunde kadhaa, kisha basi.

Ngozi hupasuliwa kwenye mstari, mafuta yanasogezwa kando, na nyuma yake inaonekana kano nyeupe ya msuli. Hiyo huvutwa mbele na kushonewa kwenye bamba gumu la kope kwa nyuzi 1 hadi 3. Uzi wa kwanza, ule wa katikati, ndio unaoamua kimo. Wa pembeni huamua umbo la upinde. Nyuzi hufungwa kwa muda, unakalishwa, unaambiwa utazame mbele. Mara nyingi hulegezwa na kukazwa tena mara mbili tatu. Usishangae kope ikiachwa kama milimita 1 juu kuliko unavyotarajia, kwani ganzi na adrenalini hudanganya kimo. Jicho moja huchukua kama saa moja.

Wenye msuli dhaifu, watoto wengi wakiwemo, hufanyiwa jingine: kope huning'inizwa kwenye msuli wa paji kwa uzi wa silikoni au utando uliochukuliwa pajani kwa mgonjwa mwenyewe, kupitia matundu madogo juu ya nyusi. Mtoto hupewa nusu kaputi. Mzazi ajue mapema kuwa mtoto atalala jicho likiwa wazi kidogo kwa miezi, pengine daima, na mafuta ya macho ya kila usiku hayakwepeki.

Kwenye kupunguza ngozi, kosa kubwa ni uroho. Kati ya nyusi na nywele za kope lazima ibaki ngozi isiyopungua milimita 20, la sivyo jicho halitafunga. Ukiona daktari amekuachia ngozi nyingi kuliko ulivyoomba, mshukuru. Kila milimita unayoiinua unaikopa kutoka kwenye kufunga, na jicho lisilofunga hukauka, likachubuka, likapata kidonda kwenye kioo.

Usiku wa kwanza usilale mbali

Hapa tunasisitiza kuliko popote. Usipasuliwe asubuhi ukapanda gari la Newala au Liwale mchana. Damu ikivuja nyuma ya jicho, hutokea zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo: maumivu makali yanayozidi, jicho linatokeza na kuwa gumu, uoni unafifia. Hapo una saa moja na nusu hivi kabla neva ya jicho haijaharibika. Wahudumu hufungua nyuzi palepale kupunguza mgandamizo. Lala kwa ndugu aliye karibu na hospitali, na kila saa mbili kabla ya kulala funika jicho jingine uhesabu vidole. Ukihisi giza, nenda, usingoje kuche.

Barafu isaidie uvimbe: dakika 10 hadi 15 kila saa ukiwa macho, kwa siku 2. Tumia barafu ya maji safi, ifunge kwenye mfuko usiovuja kisha kitambaa kilichopigwa pasi. Ile ya kuhifadhia samaki feri si ya kuweka karibu na kidonda. Ipumzishe juu ya nyusi na shavu, usiikandamize kope. Ukiwa bado na ganzi, mtu mwingine ashike saa, maana huwezi kuhisi ngozi inaungua kwa baridi.

Lala chali, kichwa juu ya mito miwili au mitatu. Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 inamtosha mtu mzima, isizidi gramu 4 kwa siku. Maumivu yasiyotulia kwa dawa hiyo yanahitaji kuonwa.

Wiki mbili za kwanza

Mafuta ya macho uliyopewa, mara nyingi tetrasaiklini au kloramfenikoli, paka membamba kwenye nyuzi mara 2 au 3 kwa siku. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, na ncha ya tyubu isiguse ngozi. Matone ya machozi bandia tia kila baada ya saa 2 hadi 4 hata kama jicho halikauki. Watu huyaacha wakiona jicho linatoa machozi, na kumbe kuchuruzika huko mara nyingi ndiyo dalili ya ukavu.

Kutofunga kwa milimita 1 hadi 2 ni jambo la kawaida wiki za mwanzo. Usiku weka sentimita 1 ya mafuta ndani ya kope ya chini, funga kope kwa kidole, kisha ibandike plasta laini kutoka kope hadi shavuni. Hakikisha jicho limefunga kweli chini ya plasta. Shashi ikigusa kioo cha jicho kilicho wazi, itakichubua usiku kucha.

Usiiname, usibebe kinachozidi kilo 5. Ndoo ya maji kichwani, kutwanga, na kupuliza moto wa kuni ni vya wengine kwa siku hizo. Anayeswali akae kwenye kiti badala ya kusujudu walau wiki moja, na kwa udhu asimwagie maji kidonda. Sheikh wake atamwelekeza kuhusu kupangusa au kutayamamu. Kuoga mwili kunaruhusiwa. Bahari iache wiki 4, wanja wiki 2, na bodaboda usipande bila miwani inayoziba pembeni.

Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili, na damu iliyovilia huteremka mashavuni na kuisha ndani ya siku 10 hadi 14. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu kama dalili ya maambukizi, utauona umechelewa. Gusa: joto lililozidi upande wa pili, uvimbe unaorudi baada ya kupungua, usaha, maumivu mapya siku ya 3 au ya 5. Makovu ya kuvimba ni nadra kwenye kope, hata kwa ambao masikio yao huota kovu nene. Matundu ya juu ya nyusi ndiyo ya kuangaliwa. Dawa za majani, maziwa ya mama na matone yaliyobaki ya jirani visiingie jichoni kabisa.

Kimo kikiwa si sawa

Tofauti ndogo usiihukumu kabla ya wiki 6. Jicho moja likiinuliwa, la pili huweza kushuka kidogo, kwa kuwa ubongo ulikuwa ukipeleka nguvu sawa kwa yote mawili na sasa umeipunguza. Kope kubaki chini kupita kiasi ndilo tatizo linalotokea zaidi. Kosa lililo wazi hurekebishwa ndani ya wiki 2 za mwanzo kabla tishu hazijashikana. Baada ya hapo hungojwa miezi 3. Iliyo juu kupita kiasi huweza kushushwa kwa kuvuta kope taratibu kuelekea chini mara kadhaa kwa siku, lakini anza pale tu daktari atakapokuonyesha, maana ukivuta mapema unakata uzi. Piga picha kila wiki mahali palepale, saa ileile, ukitazama mbele, na uende nazo zote siku ya kliniki.