Dakika mbili na jitu la mieleka: namna ya kupiga nalo stori mpaka watu wavunjike mbavu

Hii naiandika kwa ajili ya nyie wenye chaneli za YouTube, watangazaji wa redio, na ndugu zetu mlioko Minneapolis au London mnaokwenda kupanga foleni kupiga picha na wanamieleka wa Marekani, maana naona klipu nyingi sana nzuri zinaharibika kwa kosa moja tu. Mtu kapata dakika mbili na jamaa la kilo 130, jamaa limevaa miwani ya jua usiku, koti la manyoya, mkanda wa ubingwa begani, halafu anayeuliza maswali ndo anataka kuwa mchekeshaji. Anarusha joki lake, jamaa linatabasamu kwa heshima, kimya, imeisha hiyo.

Hapo mchekeshaji ni lile jitu. Kazi yako wewe ni kuamini, basi. Akikwambia jana usiku aling'oa nguzo ya umeme kwa mkono mmoja, we muulize mtaa ulikaa giza mpaka saa ngapi, na umuulize kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari ya saa mbili. Uwe kauzu. Kadri unavyoonekana umeamini ndivyo yeye anavyozidi kupanda, na akipanda ndo watu wanacheka.

Mwalimu wa hii kazi ni marehemu Gene Okerlund, yule mzee kipara mwenye masharubu ambaye mashabiki wote wanamjua kama Mean Gene. Alianzia redioni, akaenda AWA, kampuni ya mieleka ya kule Minneapolis, 1984 akawa WWF (ndo hii sasa inaitwa WWE), na 2006 wakamuingiza kwenye Hall of Fame yao, orodha ya magwiji, akafariki Januari 2019. Mtafute kwenye YouTube ukae umsome vizuri. Mzee anavaa suti na tai kama anaenda kumhoji waziri, anasimama pembeni ya mtu anayemzidi kila kitu, swali lake ni sentensi moja, halafu ananyamaza na kumuangalia usoni. Kuna ile ya 1987 na mwanamieleka Randy Savage, Savage katoka kupoteza mkanda kwa Ricky Steamboat pale WrestleMania III, lile onyesho kubwa la WWF la kila mwaka, anataka kusema yeye ndo krimu inayopanda juu hata iweje, yaani bora kuliko wote, sasa badala ya kusema tu akaanza kutoa vikopo vidogo vidogo vya krimu ya kahawa, kimoja baada ya kingine, anaongea kwa ile sauti yake ya kukwaruza, macho yamemtoka, na Okerlund kashika maiki anamsikiliza kama mtu anayepewa ripoti ya bajeti. Mimi ile klipu naipenda kuliko mechi nyingi tu nilizowahi kuangalia. Ungemtoa Okerlund pale ukamuweka mtu anayechekacheka, yale maongezi yangekufa palepale, kwasababu mtazamaji anahitaji mtu mmoja mwenye akili timamu kwenye picha ili aone ukubwa wa yule mwingine.

Kabla hujawasha kamera kuna swali moja unamuuliza meneja wake au mtu aliyemleta: leo anaongea kama karakta, yaani yule mtu anayemuigiza ulingoni, au kama yeye mwenyewe? Hili watu hawaulizi halafu wanashangaa mambo yanakwenda kombo. Mwanamieleka Undertaker alianza WWF Novemba 1990 akiigiza maiti anayetembea, na kwa miaka mingi ilikuwa ngumu kumkuta akiongea kama mtu wa kawaida, sasa mtu kama huyo ukimkuta kwenye karakta ukamuuliza watoto hawajambo umemuweka pabaya. Akiwa kwenye karakta mwite kwa jina la ulingoni mwanzo mwisho. Akiwa yeye mwenyewe, mkaribishe kama mgeni wa heshima, na yeye akitaka kuingia kwenye karakta ataingia bila kusukumwa, wengi wao hawawezi kukaa dakika mbili bila kupiga mikwara.

Na kuna wasioongea kabisa. Undertaker alikuwa na Paul Bearer wa kumsemea, Andre the Giant 1987 alikuwa na Bobby Heenan, Brock Lesnar alikuwa na Paul Heyman. Ukikutana na hao maswali unampelekea msemaji lakini macho unayapandisha kwa lile jitu polepole, kuanzia kifuani mpaka usoni, halafu unarudi kwa msemaji. Andre walikuwa wanamtangaza kwa futi 7 na inchi 4, zaidi ya mita 2.2, kwahiyo hiyo safari ya macho peke yake inatosha kuchekesha na hujasema neno.

Sasa swali ambalo hutakiwi kuliuliza, hata kwa utani: eti mieleka ni maigizo? Usiulize. Tarehe 28 Desemba 1984, Madison Square Garden, mwandishi wa televisheni ya ABC John Stossel alimwambia mwanamieleka David Schultz kwamba anaona ni feki, akazabwa makofi mawili mazito mpaka chini, na kesi ikafuata. Sisemi kwamba utapigwa, siku hizi kila mtu anajua washindi wanapangwa na wenyewe wanalizungumzia wazi. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe ni la dharau kwa mtu ambaye shingo na magoti yake vimeharibika kweli kwa ajili ya kazi hiyo, na zaidi ya hapo halina jibu la kuchekesha, kwahiyo umetumia sekunde 20 kumuudhi mgeni na hujapata kitu. Wale wa kachi, mieleka ya Kinshasa, ndo hivohivo, wale wanaopita mitaani na ngoma kabla ya mechi na kuingia ulingoni na uchawi wao, usimuulize kama dawa yake ni ya kweli. Muulize kama inafanya kazi siku ya mvua.

La pili ni kuomba akuoneshe namna anavyokaba mtu. Machi 1985, siku chache kabla ya WrestleMania ya kwanza, mchekeshaji Richard Belzer alikuwa na kipindi chake cha TV akamwambia mwanamieleka Hulk Hogan amuonyeshe kabali yoyote, Hogan akamkaba shingo, Belzer akazimia, alipoachiwa akadondoka kichwa kikapiga sakafu, akashonwa, wakapelekana mahakamani na kumalizana nje ya mahakama. Ukitaka kitu cha mwili panga kabla na mhusika mwenyewe akiwa ametulia, hatua kwa hatua, nani anashika wapi na ishara ya kuachia ni ipi. Lile kofi mwanamieleka Jerry Lawler alilomtandika mchekeshaji Andy Kaufman kwenye kipindi cha David Letterman Julai 1982, lililomrusha Kaufman kutoka kwenye kiti, watu waliamini miaka kumi na zaidi kwamba ni ugomvi wa kweli, kumbe wale wawili lao lilikuwa moja.

Tuje kwenye maswali yenyewe, hapa ndo pana utamu. Mtu mkubwa, jambo dogo. Hiyo ndo kanuni yangu na sijawahi kuona imefeli. Usimuulize kuhusu mpinzani, ameshaulizwa mara elfu na majibu anayo kichwani. Muulize vitu vya nyumbani, vya usafiri, vya jikoni, ila kwa uzito uleule ambao ungemuulizia ubingwa. Mwanamieleka Ric Flair maisha yake yote anatamba na majoho, viatu na saa zake, basi muulize zile nguo zinafuliwa na nani na huyo fundi analala usingizi kweli? New Day, kundi la wanamieleka watatu, walikuwa wanaingia ulingoni na chapati za maji wanawarushia mashabiki, sasa pale unauliza unga ni kiasi gani kwa ukumbi wa watu elfu 15, na kama Big E, mmoja wao, anaruhusiwa kukaribia jiko.

Mfano nautunga tu ili uone mwendo:

Wewe: Bingwa, umekuja kwa ndege?
Jitu: Ndege ndo imekuja na mimi!
Wewe: Kiti cha dirishani au cha katikati?
Jitu: Mimi ndo nachagua dirisha liwe wapi!
Wewe: Na aliyekaa pembeni yako, familia yake imeshataarifiwa?

Umeona, hakuna hata swali moja lenye joki wazi. Kila swali limechukua alichosema yeye likakikubali likasogeza hatua moja mbele. Maswali matatu yanatosha. Andaa sita ya akiba, uliza matatu tu, na yale mawili ya mwisho yatoke kwenye majibu yake, kwahiyo sikiliza, acha kusoma simu.

Akisema namba za ajabu usimsahihishe. Mwanamieleka Scott Steiner 2008 akiwa TNA, kampuni nyingine ya mieleka, alipiga hesabu za mechi ya watu watatu, yeye na Samoa Joe na Kurt Angle, akaanza na hamsini kwa hamsini, akaongeza, akatoa, akajumlisha tena mpaka akafika kwamba nafasi yake ya kushinda ni asilimia 141 na theluthi mbili. Watu mpaka leo wanaikariri ile kama shairi. Mtu angemkatiza amwambie asilimia haiwezi kupita mia kwenye kushinda mechi, tungekosa ile hazina. Hapo kama upo wewe unauliza kwa adabu tu, hiyo 41 ya ziada utaigawa kwa nani?

Akikutukana je? Atakutukana, jiandae. Mwanamieleka The Rock mwishoni mwa miaka ya 90 alikuwa na mchezo wake, anamuuliza mtangazaji swali, mtangazaji anafungua mdomo kujibu, anamkata kwa kelele kwamba jibu lake halina maana yoyote, ukumbi mzima unalipuka. Siri ya ule mchezo iko kwa mtangazaji, lazima aanze kujibu KWELI. Ukiuliziwa jina lako, anza kulitaja kama upo uhamiaji, neno la kwanza litoke kamili, ndo akukate. Ukisubiri kukatwa huku unatabasamu mtazamaji anaona mmepanga. Ila wekeni mipaka mapema, mzazi wako, kabila, dini, maumbile, chochote usichotaka kiguswe msemeshe meneja kabla, wanaelewa vizuri sana kwasababu na wao wana ya kwao.

Maiki shika mwenyewe. Ukimpa umepoteza kila kitu, ataondoka nayo, tena wengine wanaondoka nayo kihalisia. Simama pembeni yake nusu hatua, bega lako lielekee kamera, mkono wa maiki uwe ule ulio karibu naye usimkate uso. Kama wewe ni mfupi usitafute kiboksi cha kusimamia, ufupi wako ni mtaji. Na chukulia maiki iko hewani muda wote. Kwenye onyesho la WWF la SummerSlam 1989 Okerlund anamhoji mwanamieleka Rick Rude, bango nyuma likadondoka, mzee wa watu likamtoka tusi zito na likaenda hewani, huyo ni bingwa wa dunia wa hii kazi, sasa sembuse sisi.

Kitu kingine, soma historia ya mgeni wako hata nusu saa. Mwanamieleka Kofi Kingston kazaliwa Ghana, lakini alipoingia WWE walimtangaza kama mtu wa Jamaica na lafudhi juu, baadaye wakaiacha kimyakimya, na Aprili 2019 pale WrestleMania 35 akachukua ubingwa wa WWE kama mtoto wa Ghana mbele ya dunia nzima. Shabiki wa Afrika akikutana na Kofi ana mlango ambao wengine hawana, ila ukianza na Jamaica umejifungia mwenyewe.

Pia mfundishe neno la Kiswahili la kupigia kelele, wanapenda sana, maneno yetu yanaisha na irabu kwahiyo yanavutika vizuri mdomoni kwa mtu mwenye mapafu makubwa. "Kaa chiniiii!" hilo halijawahi kukosea. Usimfundishe tusi bila yeye kujua, huo ni usaliti, mgeni amekuamini.

Mazoezi ufanyie wapi wakati majitu yenyewe yako Orlando huko Marekani? Anza na hawa wa kwetu. Karim Mandonga, Mtu Kazi, ni bondia na sio mwanamieleka lakini kwa mikwara sijaona wa kumfikia, yule mtu ngumi zake zina majina, Ndoige, halafu Januari 2023 akaenda Nairobi na Sugunyo akampiga Daniel Wanyonyi. Angalia mahojiano yake utaona kitu kilekile, watangazaji waliomuuliza Sugunyo imetengenezwaje kwa uso mkavu walipata dhahabu, waliocheka kabla yake walipata jibu moja tu. Na huo ni ukoo mmoja kabisa, maana Muhammad Ali mwenyewe alisema mdomo wake aliuchukua kwa mwanamieleka, Gorgeous George, yule wa nywele za dhahabu na majoho na msaidizi wa kumpulizia manukato, walikutana Las Vegas 1961 Ali akiwa na miaka 19, na 1974 mdomo uleule ukatua Kinshasa kwenye pambano lake na George Foreman. Ukienda kuhoji wasemaji wa Simba na Yanga wiki ya dabi nako ni shule.

Mwisho wa maongezi acha yeye ndo aondoke kwenye picha, wewe baki. Baki sekunde mbili au tatu unaangalia alikoelekea, kisha igeukie kamera useme kituo chako na jina lako kwa sauti ileile ya taarifa ya habari. Wakati wa kuhariri usikate zile sekunde, na tafadhali usiweke vile vicheko vya kwenye kompyuta.