Somo: Kufunga dampa ya usukani kwenye pikipiki ambayo haikutoka nayo kiwandani

Wakuu, habari za barabarani. Maswali ya dampa yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa wenye pikipiki kubwa za mtumba, kwa hiyo leo tulimalize. Mfano wangu ni Yamaha MT-07 za kabla ya 2025: shokapu zake za mbele ni za kawaida, bomba la milimita 41, na ubavuni mwa shingo (pale usukani unapozungukia kwenye fremu) mkono unaingia bila kufungua nusu ya pikipiki. Mwenye Suzuki, Kawasaki au Honda, hatua ni hizihizi, vipimo tu ndivyo vinabadilika. Ninazungumzia dampa ya silinda na fimbo, ile inayolala ubavuni. Za duara zinazokaa juu ya shingo tutazigusa kwenye maswali.

Kazi yake

Ndani ya silinda mna mafuta, na fimbo ina pistoni yenye njia nyembamba ya mafuta kupita. Ukizungusha usukani polepole, mafuta yanapita na wala huhisi chochote. Gurudumu likipiga jiwe, au likitua vibaya baada ya kunyanyuka, usukani unataka kurushwa kushoto kulia kwa kasi. Hapo mafuta hayawahi kupita, yanakaza. Dampa haikuzuii kukata kona, inauzuia usukani kurushwa ghafla.

Wala si urembo. Suzuki TL1000S ya 1997 ilipata sifa mbaya ya kutikisa kichwa mpaka kampuni ikaziita zirudi zifungwe dampa. Kawasaki ZX-10R ya 2004 ilitoka bila dampa, ya 2006 ikatoka na dampa ya Öhlins. Honda nao CBR1000RR ya 2004 waliipa dampa ya umeme inayolegea ukiwa mwendo mdogo na kukaza mwendo ukipanda. Hizo ni pikipiki zenye shokapu zilizosimama wima kuliko kawaida, nyepesi mbele, na injini yenye uwezo wa kunyanyua tairi. Kama yako haifanani nazo hata kidogo, soma sehemu inayofuata mara mbili kabla ya kutoa hela.

Hakikisha kwanza pikipiki ni nzima

Hapa ndipo wengi wanaruka. Pikipiki yenye beringi za shingo zilizochoka ukiifunga dampa, itatulia kwa muda na utasifia dampa, kumbe beringi zinaendelea kulika chini kwa chini. Siku ukija kugundua, utabadilisha beringi na vikombe vyake vyote.

Weka jeki chini ya injini, katikati yake kipande cha ubao, tairi la mbele lining'inie. Shika usukani kwa vidole viwili, uupeleke taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Ukifika katikati ukahisi umeingia kwenye kishimo, ndiyo basi: beringi zimechimba vikombe na hakuna grisi itakayoponya. Kisha chuchumaa mbele, shika shokapu zote mbili chini karibu na ekseli, vuta na usukume. Ukisikia "tok tok", nati ya shingo imelegea. Uachie usukani ukiwa umeusogeza kidogo kutoka katikati. Unatakiwa uanguke wenyewe upande ule bila kukwama na bila kuporomoka.

Endelea na gurudumu lenyewe, lishike kwa pembeni ulitikise kusikia beringi zake. Pitisha kiganja juu ya tairi: likiwa limelika kwa mawimbi, juu chini juu chini, hilo peke yake linatosha kutikisa usukani. Pima upepo tairi likiwa baridi. Nyuma pia, bushi za swingamu (mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma) zikicheza utazisikia mbele.

Angalia vilevile inatikisika namna gani. Usukani kupigapiga haraka mkononi, takriban mara sita hadi kumi kwa sekunde, ni ugonjwa ambao dampa inautibu. Lakini kuna kuyumba kwa pikipiki nzima, taratibu, mara mbili hadi nne kwa sekunde, kunakotokea mwendo ukiwa mkali na mara nyingi kukiwa na boksi kubwa nyuma. Huko dampa haisaidii, na ukiikaza unaweza kuongeza huko kuyumba. Mhandisi wa Kiingereza Robin Sharp alilionyesha jambo hili kwa hesabu tangu 1971, na mpaka leo kuna watu wanakaza dampa kutibu boksi lililofungwa vibaya.

Kupima, kabla ya kununua

Usinunue dampa kwa kuangalia picha. Unahitaji vipimo viwili.

Cha kwanza ni unene wa bomba la shokapu ambapo kibano kinachoshika ncha moja ya dampa kitakaa. Chukua kalipa. Kwa MT-07 ni rahisi, bomba ni 41 na kibano kinakaa kati ya bamba la juu na la chini linaloshika shokapu. Wenye shokapu za kupinduliwa muwe macho: mkiambiwa "41" au "43" huo ni unene wa bomba jembamba la chini linaloteleza. Juu, pale kibano kinapokaa, bomba ni nene zaidi, kwa kawaida limepita 50. Kibano cha 43 hapo hakiingii hata kwa nyundo. Na kwa shokapu za kawaida, usiweke kibano chini ya bamba la chini, kwa sababu shokapu ikizama hadi mwisho kile kikombe cha sili kitagonga kibano.

Cha pili ni safari ya fimbo. Weka alama ya selotepu pale kibano kitakapokuwa, na nyingine kwenye fremu pale braketi ya ncha ya pili itakapokuwa. Usukani ukiwa mwisho wa kushoto, pima umbali kati ya alama. Mwisho wa kulia, pima tena. Tofauti ndiyo safari unayohitaji. Tuseme umepata 214 na 142, tofauti ni 72. Dampa ya 75 inaonekana inatosha, lakini inakuachia milimita moja na nusu tu kila upande, na braketi ikikaa pembeni kidogo umekwisha. Chukua ya 90.

Mbona nasisitiza? Kwenye shingo ya fremu kuna meno ya chuma yanayozuia usukani usizidi. Hayo ndiyo mwisho wa usukani, na yatabaki hayo. Dampa ikiishiwa fimbo kabla ya meno kukutana, ukigeuza pikipiki kwenye maegesho uzito wote unaangukia kwenye bolti ndogo na jicho la dampa. Kitakachovunjika hapo hakichagui siku.

Pembe nayo ina maneno yake. Usukani ukiwa umenyooka, dampa ikae karibu na pembe mraba na mstari unaotoka katikati ya shingo kwenda kwenye kibano. Ukiifunga ikiwa imeelekea shingoni moja kwa moja, kuna mahali usukani utafika ukagoma kurudi.

Kufunga

Zana: kalipa, spana za alenki, toki renchi ndogo, gundi ya nati ya bluu (ile inayofunguka, si nyekundu), brek klina, kitambaa safi, na tai za plastiki.

Safisha bomba kwa brek klina. Chini ya kibano pasiwe na grisi wala vumbi. Punje moja ya mchanga inatoboa kromu. Funga kibano kwa mkono kwanza, kisha braketi ya fremu. Braketi itumie bolti ambayo tayari ipo kwenye fremu, refu kidogo kama inabidi, yenye ugumu uleule wa ile ya zamani. Usitoboe fremu. Usichomelee fremu. Ukiona huna pa kufunga bila kutoboa, tafuta braketi iliyotengenezwa kwa modeli yako.

Funga dampa ikiwa imelegezwa kabisa kwenye kitasa chake cha kurekebisha ukazaji. Kila jicho lina gololi ndani, hakikisha linazunguka huru. Ukihitaji kuinua au kushusha upande mmoja, tumia spesa, usilazimishe fimbo ipinde. Kabla ya kukaza, funga tai ya plastiki kwenye fimbo, isogee karibu na silinda, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Tai itakuonyesha fimbo imeingia hadi wapi. Upande wa kutoka, sukuma kibano kidogo uone kama bado kuna akiba. Nikipata milimita nne au tano kila mwisho naridhika.

Sasa kaza. Bolti za M6 zinazoingia kwenye alumini zisizidi Nm 10, na kama karatasi ya dampa imetaja namba yake, fuata hiyo. Kibano chenye bolti mbili kazia kwa zamu ili mwanya ubaki sawa pande zote.

Kisha washa injini, zungusha usukani mwisho wa kushoto na wa kulia. Sauti ya injini ikipanda, kebo ya mafuta imevutwa. Angalia hozi ya breki, waya za swichi, na tangi: silinda isiliguse hata usukani ukiwa mwisho.

Kuiseti

Anza ikiwa laini kabisa. Nenda uwanjani, endesha mwendo wa mtu anayetembea, chora nane. Pikipiki ikianza kulewa, ikawa unarekebisha usukani kila sekunde kama mtoto anayejifunza baiskeli, dampa imekaza mno. Ikiwa laini na mwendo mdogo ni mzuri, zungusha kitasa uongeze vituo viwili (kila "tik" ni kituo), jaribu barabara unayoijua, ongeza tena kama kuna haja. Sijaona sababu ya mtu wa barabarani kufika hata nusu. Baada ya kilomita 50 hivi pitia bolti zote.

Maswali ya wanachama

Dereva wa Kahama: Shikamoo fundi. Mimi nina Boxer 150, nabeba magunia. Nikifika 60 usukani unaanza kucheza, nikiachia mkono mmoja ndiyo balaa. Naweza kufunga dampa?

Marahaba kaka. Usifunge. Hela hiyo nunua beringi za shingo na tairi zuri la mbele, na chenji ibaki. Gunia ulilolifunga nyuma ya ekseli linanyanyua mbele, tairi la mbele linabaki halina uzito wa kulikalisha chini, ndipo usukani unaanza kucheza. Sogeza mzigo mbele kadiri uwezavyo, uwe chini, na ufungwe usitikisike. Ongeza upepo wa nyuma kulingana na mzigo. Halafu fanya ile ya jeki na vidole viwili. Kwa maelezo yako ningeshangaa usipokuta kishimo katikati.

Zai wa Nyali: Fundi, nina Suzuki DR650 na tunapanga kwenda Loiyangalani. Kwa mchanga na kokoto, hii ya ubavuni inafaa?

Dada, kwa safari ile ningechagua ya duara, inayokaa juu ya shingo. Fimbo ya ubavuni inapigwa vumbi na mawe kutwa nzima, na vumbi likishaingia kwenye sili mafuta yanatoka. Za duara zimejifunga, hazina fimbo ya nje. Dampa ya Scotts kwa mfano ina marekebisho matatu: ukazaji wa kawaida, ukazaji wa pigo la ghafla, na upana wa eneo ambalo inafanya kazi, kwa hiyo unaweza kuilegeza kwenye mchanga huku ukibaki na kinga dhidi ya jiwe. Ubaya ni bei, na nyingine zinakulazimu kuinua usukani, basi kebo zipimwe upya. Ukibaki na ya ubavuni, futa fimbo kwa kitambaa kila jioni, usiipulizie mafuta, yanakamata vumbi.

Mtoto wa Mabibo: Mkuu, mimi shokapu nimezipandisha juu ya bamba milimita 15 ili mbele iwe chini. Tangu hapo inatikisika. Dampa itamaliza?

Umejijibu kaka. Ukipandisha shokapu, unasimamisha shingo, na ule umbali unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe unapungua. Rudisha pale kiwanda kilipoweka, endesha wiki moja, kisha tuongee kuhusu dampa.

Bin Seif: Nimeona dampa zisizo na jina dukani, bei ya chini sana. Nitajuaje kama ni nzima?

Omba uishike. Fimbo isukume na uivute kwa mwendo uleule, ukazaji uwe sawa pande zote mbili. Pale unapobadilisha mwelekeo, fimbo ikienda bure milimita kadhaa kabla ya kukaza, kuna hewa ndani au mafuta ni machache. Zungusha kitasa kutoka laini hadi ngumu na urudie. Nyingi za bei rahisi zina vituo ishirini ambavyo tofauti yake huioni, hizo ziache. Pitisha kidole kwenye fimbo karibu na sili, kikitoka na mafuta irudishe kabatini. Mwisho angalia kama ncha ya silinda ina kifuniko cha kufungulia. Iliyobanwa moja kwa moja haifunguki, sili ikifa unatupa yote.

Zai wa Nyali: Asante fundi. Na upande je, kushoto au kulia?

Popote penye nafasi, dada. Mimi napendelea upande usio na hozi ya breki.